Shangazi, mume wangu abaki stoo, awe askari au achukue boda?

Shangazi, salamu nyingi kutoka Busia, upande wetu wa Uganda.

Nina miaka 31, nimeolewa, nina watoto wawili na wa tatu yuko njiani, mimba ya miezi sita. Mume wangu ana miaka 36. Tangu mwaka tuliooana, miaka saba sasa, anabeba magunia kwenye stoo moja ya mahindi hapa karibu na mpaka. Lori likifika wanapakua, lori likiondoka wanapakia. Gunia ni kilo 100, na kuna yanayozidi kwa sababu wafanyabiashara wanayashindilia. Analipwa kwa gunia. Siku isiyo na lori hana kitu, na siku ya malori matatu anarudi hata mkono wa kulia chakula hauinuki.

Shangazi, mwili wake nauona unaisha. Begani ana sugu ngumu kama kisigino. Kila asubuhi kabla ya kutoka anameza vidonge viwili vya maumivu, diklofenaki, na tumbo tupu, na jioni kuli wenzake wanapitisha kichupa cha waragi, pombe kali ya huku, eti kinatoa uchovu. Wiki tatu zilizopita aliteleza kwenye ubao wa lori akiwa na gunia, akaangukia mgongo. Tajiri wake alimpa shilingi 20,000 za dawa, akamwambia, "Ukipona utarudi, nafasi yako ipo." Alikaa nyumbani siku nne. Siku ya tano hatukuwa na unga wa posho, akarudi kubeba.

Halafu anakohoa. Nilidhani ni vumbi la mahindi, lakini huu ni mwezi wa pili, na mkanda wa suruali ameukaza matundu mawili. Usiku shuka linalowa jasho. Yeye anasema ni joto la stoo limemwingia, maana malori yakichelewa wanalala hukohuko juu ya magunia.

Sasa kaka yangu yuko Kampala, ni askari wa kampuni ya ulinzi. Anasema anaweza kumtafutia nafasi: kuna barua ya ajira, mshahara mwisho wa mwezi, na NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, wanakatwa. Ila kazi ni ya usiku, saa kumi na mbili jioni hadi kumi na mbili asubuhi, na siku ya mapumziko ni ya kubahatisha. Rafiki yake wa hapa naye anamshawishi achukue boda ya mkopo, alipe kila wiki, asiwe na bosi. Mwenyewe hataki hata moja. Anasema kazi ni kazi, zote zinachosha, na heri uchovu anaoujua.

Mimi nauza chapati karibu na stendi. Naamka saa tisa usiku kukanda unga, na sigiri inawaka hadi saa nane mchana. Siwezi kulisha nyumba peke yangu, hasa na miguu hii iliyovimba. Niambie, Shangazi: kati ya kazi hizi tatu, ni ipi haitamuua?

Mama Wawili, Busia

---

Mama Wawili, mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi, nikapigia mstari mambo ambayo hayawezi kungoja muamue habari ya kazi. Miguu yako ni mojawapo, nitaifikia. Kwa sasa jua tu kwamba Jumatatu ijayo hospitali mnakwenda wawili.

Kwanza kikohozi. Mtu aliyekohoa zaidi ya wiki mbili, anayepungua na kulowesha shuka usiku, anapaswa kupimwa kifua kikuu. Nendeni hospitali ya Masafu au kituo cha afya cha serikali kilicho karibu nanyi, aseme wazi kwamba anakohoa mwezi wa pili, atoe makohozi. Kipimo ni bure na dawa ni bure. Sisemi anao. Vumbi la nafaka, hasa mahindi yaliyoshika ukungu, hukohoza na hubana kifua kama pumu. Lakini vumbi peke yake kwa kawaida halimkazi mtu mkanda matundu mawili. Akikutwa nao, wewe na watoto pia mchunguzwe, na yeye ameze dawa miezi yote atakayoambiwa hata akijisikia mzima mwezi wa pili.

Kuna jambo ulilolitaja kama kitu cha kawaida, nami likanishtua: wanalala ndani ya stoo. Muulize leo kama tajiri anaweka vidonge vya kijivu kwenye magunia kuua fukusi na dumuzi. Vidonge hivyo vikipata unyevu wa hewa hutoa gesi iitwayo fosfini. Hunuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, na kuna wakati mtu haisikii kabisa. Ni nzito kuliko hewa, inashuka na kutuama kule chini walikolala. Ikishaingia mwilini hakuna dawa maalumu ya kuiondoa. Asilale humo tena hata usiku mmoja, alale kwenye kibaraza, chini ya lori, popote penye hewa. Akiwa ndani akaona kichwa kinamgonga, kichefuchefu na kifua kubana, atoke mbio na apelekwe hospitali, na daktari aambiwe habari ya vidonge.

Na diklofenaki. Kumeza kila asubuhi na tumbo tupu, kisha waragi jioni, ni kujichimbia vidonda vya tumbo hadi vitoke damu, huku figo zinaumia na presha inapanda. Lakini kinachonisumbua zaidi ni kwamba mgongo ulioumia unajaribu kumwambia atue gunia, na yeye kila asubuhi anaunyamazisha. Akianza kuhisi ganzi miguuni au mkojo ukamshinda, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo.

Sasa nije kwenye swali lako. Kwa miaka kadhaa nilikuwa muuguzi katika zahanati ndogo ya kiwanda kimoja huko Jinja. Asubuhi moja waliingia wanaume wawili wamefuatana, wote wa mashine moja, wote wana malaria, joto la mwili karibu sawa. Wa kwanza alikuwa mwajiriwa wa kudumu. Nilimpa dawa, daktari akamwandikia karatasi ya mapumziko ya siku tatu, akaikunja vizuri akaitia mfukoni, akaenda kulala. Wa pili alikuwa kibarua aliyeletwa na wakala. Nilipomwambia apumzike alinitazama kama niliyemtukana. Akasema, "Sista, nidunge kitu kikali, zamu yangu ni saa nane." Akarudi kwenye mashine huku meno yanagongana. Siku ya nne yule wa kwanza alikuwa kazini. Yule wa pili aliletwa amebebwa.

Mashine ilikuwa ileile, mbu walewale. Kilichowatofautisha ni ile karatasi.

Tangu siku ile nikiulizwa kazi fulani inafaa kwa afya au haifai, nauliza swali moja kabla ya mengine: siku ukiugua, nini kinatokea? Uzito wa mzigo una maana, ndiyo. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55, na mumeo anabeba karibu maradufu. Lakini kilichomrudisha stoo siku ya tano na mgongo ukiuma ni unga wa posho. Kazi inayolipa kwa gunia humlipa aliye mzima tu. Tena hakuna sakafu chini yake: kima cha chini cha mshahara katika nchi yetu kilibaki shilingi 6,000 kwa mwezi tangu 1984, fedha ambayo leo hailishi watoto wako siku mbili. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nimewaosha vidonda watu wanaoishi chini ya sheria hiyo.

Kwa hiyo tuzipime kazi zenu kwa swali hilo.

Uaskari una barua, una NSSF, na mtu akiugua kuna mahali pa kushika. Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mwajiriwa aliyetimiza mwezi mmoja kazini haki ya mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa, mradi atoe taarifa na awe na cheti cha daktari mwajiri akikitaka. Hilo ni jambo kubwa. Lakini saa kumi na mbili kila usiku bila siku ya kupumzika ni saa 84 kwa wiki. Sheria hiyo hiyo inataja saa 48 na siku nzima ya mapumziko baada ya siku sita. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu yao: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi kwa asilimia 35 zaidi ya anayefanya saa 35 hadi 40, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17 zaidi. Usiku nao una gharama yake, maana usingizi wa mchana ndani ya chumba cha bati Kampala si usingizi, na mwili unaokesha hupandisha presha na sukari polepole bila kupiga kelele. Tena atakuwa mbali nawe, anakula vya kununua.

Kwa kaka yako muulize mambo haya, na ajibu kwa alivyoona kwa macho yake, asinukuu kilichoandikwa kwenye barua: siku ya mapumziko anaipata kweli kila wiki? Zamu inabadilika kwenda mchana? Aliyeugua mwisho pale kazini alilipwa? Akisita kwenye moja, umeshapata jibu.

Boda najua inavutia. Kutokuwa na mtu juu yako ni afya pia, na si maneno yangu tu. Kuanzia 1967 madaktari wa Uingereza walifuatilia wanaume zaidi ya 17,000, watumishi wa serikali wa London. Hakuna kati yao aliyebeba magunia, wote walikuwa na mshahara wa mwezi. Hata hivyo wale wa ngazi ya chini kabisa, matarishi na walinda milango, walikufa kwa ugonjwa wa moyo karibu mara tatu kuliko wakubwa wao. Sigara ilieleza sehemu tu. Watafiti walipoendelea kuchimba miaka ya baadaye, waliona kwamba kukosa usemi juu ya kazi yako, kuamrishwa kutwa bila kuamua chochote, nako kunakula moyo.

Basi mumeo angepata usemi juu ya boda? Kama ingekuwa yake, ndiyo. Mvua ikinyesha anakaa, homa ikimshika analala. Boda ya mkopo ina bosi anayekuja kila wiki, na huyo hapokei cheti cha daktari. Atapanda na homa, atapanda usiku, atabeba abiria watatu ili afikishe hesabu. Ajali za boda nimeziona za kutosha, na wengi wa waliopasuka vichwa kofia ngumu ilikuwa nyumbani au imetundikwa kwenye usukani. Kwa mgongo ule, kwenye barabara za vumbi zenye mashimo, kutwa nzima, mimi siipendekezi. Akiweka akiba akainunua taslimu siku moja, tutazungumza tena.

Inabaki stoo, na hapa ndipo nataka mjitahidi, kwa sababu mumeo ana haki ambazo inaonekana hajaambiwa.

Anguko lile lilitokea kazini. Sheria ya fidia ya wafanyakazi haimtaki awe na mkataba wa maandishi, hata makubaliano ya mdomo ni ajira. Inataka mwajiri apewe taarifa ya maandishi mapema, ndani ya mwezi mmoja wa ajali. Unasema wiki tatu zimepita. Mna wiki moja. Aandike hivi, hata kwenye karatasi ya daftari la mtoto: "Mimi fulani, tarehe fulani, nikibeba gunia kwenye stoo yako, niliteleza kwenye ubao wa lori nikaumia mgongo. Nakupa taarifa ili nilipwe fidia kwa mujibu wa sheria." Atie sahihi. Kuli wawili waliomwona watie sahihi chini. Nakala tatu: ya tajiri, ya afisa kazi wa wilaya, ya kwenu. Na Jumatatu hospitalini daktari auangalie mgongo na aandike alichokiona.

Tena kuna hili la miaka saba. Kanuni za Ajira za 2011 zinasema mtu asiwekwe kibarua zaidi ya miezi minne mfululizo, akivuka hapo anastahili mkataba wa maandishi na haki za mwajiriwa. Na tangu 2022 kila mwajiri anatakiwa kuchangia NSSF, awe na wafanyakazi mia au mmoja: asilimia 10 kutoka kwake, 5 kutoka kwa mfanyakazi. Viatu vizuri na barakoa ya vumbi pia ni juu ya mwajiri, haruhusiwi kuwakata.

Sikufichi ugumu. Tajiri atasema hawa si wafanyakazi wangu, ni watu wanaolipwa kwa gunia, wanakuja wakitaka. Afisa kazi ni mmoja na wilaya ni kubwa. Mtu akienda peke yake, kesho yake nafasi yake inashikwa na kijana mwingine. Kwa hiyo asiende peke yake. Kuli wale wanaopitisha kichupa jioni ndio haohao wanaoweza kwenda pamoja. Waanze na jambo ambalo hata tajiri halimuumi: magunia ya kilo 50, ubao wenye vizuizi vya kukanyagia, stoo isilaliwe. Waweke na mfuko wao, kila mmoja atoe fedha ya gunia moja kwa wiki, aliyeugua alipwe siku zake. Huo mfuko ndio karatasi ya mapumziko ya mtu asiye na karatasi.

Na mumeo mwenyewe, nikiwa mkweli, mgongo wake umeshamaliza kubeba. Kwenye stoo hiyo kuna anayesimama kwenye mizani, kuna anayeshona midomo ya magunia, kuna anayeandika daftari la malori. Miaka saba ameyajua mahindi na wateja. Katika mazungumzo ya fidia, hilo ndilo ningeliomba kwanza, kabla ya fedha: ahamishiwe mizani au kushona, kwa barua. Tajiri akikataa kabisa, na kaka yako akiwa amejibu vizuri yale maswali, basi aende Kampala, lakini kikohozi kikiwa kimepimwa na, kama ni kifua kikuu, tiba imeshika. Ndiyo chaguo langu, kwa utaratibu huo.

Tukufikie wewe. Barua nzima umeandika juu yake, na juu yako ukaweka mistari mitatu mwishoni. Unaamka saa tisa, unasimama hadi saa nane mchana, hizo ni saa kumi na moja, una mimba ya miezi sita, na uso uko juu ya makaa. Hiyo nayo ni kazi, na ndiyo kali kuliko zote tatu ulizoniuliza kwa kipimo changu kilekile, kwa sababu ukilala siku moja hakuna anayekulipa. Likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi ambayo sheria inaitoa ni ya mwenye mwajiri. Wewe itabidi ujitungie yako tangu sasa: fedha ya chapati chache kila siku iwekwe mahali ambapo hata karo haiigusi, na dada au jirani aanze kujifunza kibanda chako ili awe amekishika wiki zako za mwisho.

Kama umekizungushia turubai, kesho kunja upande unakotokea upepo na mwingine unaoutazama, moshi upite. Sigiri usiiingize ndani ya nyumba ikiwa na makaa, hata usiku wa baridi ya mvua, gesi yake haionekani na inaua waliolala. Tafuta stuli ya urefu wa kukuwezesha kusukuma chapati umekaa, na kila ukingoja mteja inua miguu juu ya ndoo.

Miguu kuvimba jioni kwa mjamzito anayesimama ni kawaida. Lakini ikiwa imevimba hata asubuhi, au uso na mikono nayo imejaa, au kichwa kinauma na macho yanaona nyotanyota, hiyo inaweza kuwa presha ya mimba, na haingoji Jumatatu, nenda leo. Kama hakuna hayo, Jumatatu wakati yeye anatoa makohozi, wewe uwe kwenye foleni ya kliniki ya wajawazito, upimwe presha na mkojo. Wasipokupima presha, waombe. Waambie na habari ya kikohozi cha baba watoto.

Chapati siku hiyo zisipikwe. Mwachie jirani unga.

Shangazi